Kitimoto ya kuoka kwa sosi ya matunda na mvinyo: ikigoma, kagua hapa

Simu huanza kuingia wiki ya tatu ya Desemba, halafu tena Pasaka. Mtu kanunua bega zima la nguruwe, chupa ya mvinyo na nanasi mbili, kafuata maelekezo aliyoyaona kwenye simu, na sasa wageni wameshafika Usagara wanakuja na nyama haieleweki. Mimi napika kwenye sherehe hapa Mwanza, basi ndiye wanayemkumbuka. Malalamiko ni yale yale kila mwaka, na karibu kila anayepiga huanza kwa kuishtaki sosi: "Mvinyo umeniharibia." Nikimhoji kidogo tu, naona mvinyo hauna kesi. Kosa lilifanyika buchani au kwenye moto, na sosi imeitwa kuja kuficha aibu.

Sehemu ya tatizo ni mazoea. Sisi ni watu wa kukaanga. Kitimoto yetu hupigwa shoka vipande vidogo, hujikaanga kwa mafuta yake yenyewe, hutiwa kitunguu na hoho, ikaletwa na ndizi, kachumbari na pilipili pembeni. Moto mkali, nusu saa, mmekula. Kuoka kunataka kipande kikubwa, moto mdogo na muda mrefu. Hata neno lenyewe linachanganya: ukimwambia mtu wa Kirumba "rosti", anajua ni mchuzi mzito wa nyanya, kwa hiyo huku nitasema kuoka tu.

Ili tuelewane, kipimo changu ni hiki. Bega la kilo 2.5 na ngozi yake, lisilokatwakatwa, lililopakwa chumvi vijiko vitano vya chai usiku wa kuamkia siku ya kupika. Oveni nyuzi 160 kwa saa tatu na nusu hivi, kisha nyuzi 230 kwa dakika 20 za mwisho kwa ajili ya ngozi. Sosi ni ile michirizi ya kwenye trei iliyoenguliwa mafuta, kitunguu, nusu chupa ya mvinyo mwekundu mkavu, nusu nanasi iliyochemshwa, na maji ya machungwa mawili. Na kama una hela ya kuongeza kifaa kimoja jikoni, acha blenda mpya, nunua kipimajoto cha nyama, kile cha kuchomeka. Utaona nitakavyokitaja.

Nyama mbichi ina punje nyeupe ndani

Hii naitanguliza kwa sababu hapa ndipo pa kusimama kabla hata hujawasha moto. Ukikata ukaona vijifuko vyeupe vyenye majimaji, ukubwa wa punje ya mchele au kunde, vimekaa katikati ya nyama na si kwenye mafuta, hivyo ni viini vya tegu wa nguruwe. Hupenda ulimi, moyo, bega na mapaja.

Usivitoe kimoja kimoja. Usiseme "nitaipika sana". Kweli, joto la kutosha huviua, lakini nyama yenye viini vinavyoonekana ina vingine usivyoviona, na kisu chako, ubao wako na mikono yako vimeshaigusa. Funga nyama, rudisha buchani, na umweleze afisa mifugo wa kata yako au mkaguzi wa nyama. Huyo ndiye fundi wa tatizo hili.

Kinga ni kununua nyama yenye muhuri wa ukaguzi, si ya nguruwe aliyechinjwa nyuma ya nyumba ya mtu. Bei ikishuka ghafla mtaani, jiulize kwa nini. Homa ya nguruwe ya Afrika haimwambukizi binadamu, ila nguruwe aliyekufa mwenyewe si chakula, hata akiuzwa kwa bei ya kutupa. Mabaki ya nyama hiyo usiwape nguruwe wengine. Ndivyo ugonjwa unavyohama kutoka banda hadi banda.

Inanuka

Tatizo hili ni la kwetu hasa, wa kandokando ya ziwa, na maelekezo ya mtandaoni hayatakusaidia kwa sababu aliyeyaandika hajawahi kunusa nguruwe aliyelelewa kwa mapanki, yale mabaki ya sangara.

Jaribio kwanza, la dakika mbili, lifanye nyama ikiwa bado mbichi. Kata kipande cha mafuta kama kidole gumba, kiweke kwenye kikaango kikavu juu ya moto, inamisha pua. Harufu ya nguruwe imejificha kwenye mafuta, na joto ndilo linaloitoa. Buchani nyama ikiwa baridi hutasikia kitu.

Ikinuka samaki, chanzo ni malisho. Nguruwe anayekula mapanki, vumbi la dagaa na mabaki ya soko la samaki la Mwaloni hadi siku ya kuchinjwa, mafuta yake hubeba samaki. Wafugaji wanaojua huondoa samaki kwenye chakula wiki kadhaa kabla ya kuuza, wengine hawana subira. Hii ndiyo harufu ninayokutana nayo zaidi, na ina nafuu: punguza mafuta ya juu kadiri uwezavyo (ndiyo, utaikosa ngozi ya kukakamaa), oka nyama juu ya waya ili mafuta yadondoke, na yale yaliyodondoka usiyatumie kwenye sosi. Watu wengi huharibu hapa. Nyama ilikuwa na kaharufu kadogo tu, wao wakakusanya mafuta yote, wakayachemsha na mvinyo, wakailetea meza harufu iliyokolezwa. Tengeneza sosi kwa siagi na supu ya kuku.

Ikinuka kama mkojo au jasho la kwapa, huyo ni dume ambaye hakuhasiwa. Hapa sina dawa. Ndimu haiondoi, siki haiondoi, mvinyo hauondoi, na kulaza usiku kucha kwenye tangawizi kunakupa dume lenye tangawizi. Ajabu yake, wapo watu ambao pua zao haziipati kabisa harufu hiyo. Mwenye bucha anaweza kukuapia haisikii akawa hasemi uongo. Mpe mtu mwingine anuse. Nyama hiyo ikate ndogondogo, kaanga na pilipili na vitunguu vingi, iliwe ya moto, kwa sababu harufu hupanda zaidi ikiwa kipande kizima kinafunguliwa mezani. Safari ijayo agiza jike au aliyehasiwa, na useme hivyo waziwazi siku ya kuagiza.

Ikinuka uchachu au uozo, na ukiigusa inateleza kama sabuni, imeharibika. Tupa. Usiioshe kwa ndimu ukajidanganya. Joto la Mwanza mchana halimsubiri mtu: nyama mbichi isikae nje zaidi ya saa mbili, na kama umeme ulikatika usiku kucha na friji ikapoteza ubaridi, itupe hata kama hainuki, bei uliyolipa isikuzuie.

Nje imeungua, ndani bado

Uliza kwanza: sosi au asali ulipaka saa ngapi? Sukari ya nanasi, embe na asali huungua upesi, na nyama iliyopakwa tangu mwanzo itakuwa nyeusi saa ya kwanza wakati katikati bado baridi. Sosi tamu hupakwa dakika 20 za mwisho. Kabla ya hapo ni chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu basi.

Sababu ya pili ni barafu. Kipande cha kilo mbili na nusu kilichotoka kwenye friza kinataka siku nzima ndani ya friji ya kawaida kuyeyuka mpaka moyoni. Mtu hukitoa asubuhi, saa sita anakiona kimelainika juu, anakiingiza jikoni. Choma sindano ya kipimajoto katikati kabla ya kupika. Ukisoma chini ya nyuzi 2 au sindano ikagoma kupenya, bado.

Ya tatu ni mkaa. Wanaooka kwa sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, huweka mwingi chini kwa mazoea ya wali. Geuza hesabu: chini kidogo, juu zaidi, na weka mawe mawili au waya ndani ili nyama isiguse kitako cha sufuria.

Dawa ikishaungua: kwangua palipo peusi kwa kisu, funika kwa foili, shusha hadi nyuzi 150 na uendelee. Usikate vipande ili "iive haraka" isipokuwa umekubali kwamba leo ni kitimoto ya kukaanga.

Sasa suala la kuiva kwenyewe. Marekani tangu mwaka 2011 wanakubali kipande kizima cha nguruwe kitolewe kikifika nyuzi 63 katikati, kikapumzishwa dakika tatu. Maelekezo mengi ya mtandaoni yametoka huko, na ndiyo maana picha zao zina nyama ya rangi ya waridi. Huku tegu bado yupo, na ukaguzi haufiki kila bucha. Mimi sitoi nyama jikoni chini ya nyuzi 71, na sijawahi kujuta. Sindano ichomwe sehemu nene kuliko zote, isiguse mfupa, maana mfupa una joto lake na utakudanganya.

Rangi peke yake haisemi kweli. Nyama iliyookwa kwa mkaa inaweza kubaki na utepe mwekundu chini ya ngozi hata ikiwa imeiva kupita kiasi, kwa sababu ya moshi wa mkaa, na iliyo mbichi inaweza kuwa imepauka. Kama huna kipimajoto, kata mpaka kwenye mfupa: majimaji yawe meupe, nyama ionekane nyuzinyuzi na isiteleze. Ukibaki na shaka, irudishe. Mgeni atangoja.

Ngumu au kavu

Wanaopiga husema "ngumu" kwa mambo mawili yaliyo kinyume kabisa, na dawa ya moja ni sumu ya lingine. Tafuna kipande. Inavutika kama mpira na ina majimaji? Haijaiva vya kutosha. Inasagika kama pamba na kukwama kooni? Imepita.

Bega lina ukano na utando mwingi. Likifika nyuzi 75 limeiva kwa usalama lakini bado ni mpira. Utando wake haulegei mpaka nyuzi 85 hadi 90. Kwa hiyo bega gumu dawa yake ni muda: mimina nusu kikombe cha maji kwenye trei, funika kwa foili, nyuzi 150, angalia kila baada ya dakika 45. Usipandishe moto.

Mgongo ni kinyume. Hauna mafuta ya ndani, ukipita nyuzi 75 unakauka, na hakuna saa za ziada zitakazourudisha. Mguu unakaa katikati ya hao wawili. Watu huchukua maelekezo ya bega wakayatumia kwenye mgongo kwa sababu buchani kote kunaitwa "steki", na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya nyama kavu ninayoijua. Mwambie mwenye bucha akuoneshe mfupa: bega lina ule mfupa mpana kama kafi.

Halafu kuna shoka. Usipopiga kelele mapema, muuzaji ataigawanya vipande vya kukaanga kabla hujafungua pochi, na vipande vidogo hukauka chochote ufanyacho. "Usikate, nipe zima" ndiyo maneno ya kwanza dukani, kabla ya salamu kama itabidi.

Wengine wanaikata papo hapo inapotoka. Ipumzishe dakika 20, imefunikwa kwa ulegevu, vinginevyo maji yote yatakuwa kwenye ubao.

Nguruwe jike mzee aliyezaa mara nyingi huwa mgumu bila kosa la mpishi. Si wa kuoka. Msamehe, mchemshe.

Kama unapika kwa sufuria yenye maji badala ya oveni, kumbuka tuko juu. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji ya Mwanza huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Ndugu yako wa Dar es Salaam akikwambia saa mbili, wewe weka mbili na nusu.

Iliyokwisha kukauka haifufuki, lakini inavumilika: kata nyembamba, ukikatisha nyuzi za nyama, ilaze kwenye sosi ya vuguvugu dakika kumi. Sosi isichemke tena.

Nyama imekuwa uji

Nanasi. Tisa kwa kumi ni nanasi mbichi.

Mananasi ya Geita ni mazuri, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 yanaingia mjini bila kungoja kivuko. Lakini nanasi mbichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelini ambacho kazi yake ni kuikatakata protini. Ndiyo kinachokuchoma ulimi ukila nyingi. Ukiilaza nyama humo usiku kucha, asubuhi juu yake pamekuwa kama maini yaliyosagwa huku ndani pakiwa vile vile. Papai bichi hufanya hivyo hivyo, tena kwa kasi zaidi.

Chemsha nanasi dakika tano kwanza, kimeng'enya kitakufa na utamu utabaki. La kopo limeshapikwa, halina madhara. Ukitaka kulainisha kwa nanasi bichi, isizidi saa moja, na hata hiyo naiona ndefu kwa mgongo. Embe na chungwa havina shida hii.

Ikishakuwa uji, chambua kwa uma, changanya na sosi, weka ndani ya chapati. Wageni wangu wa Nyegezi walidhani ndiyo mpango wenyewe, nami sikuwasahihisha.

Ngozi laini kama raba

Ilikuwa na maji. Ifute, iache wazi kwenye friji usiku kucha na chumvi juu, ichanje mistari bila kufika kwenye nyama. Sosi ipite pembeni, kamwe isimwagwe juu ya ngozi. Foili itoke nusu saa ya mwisho na moto upande. Ikigoma hata hapo, ivue ngozi nzima, iweke peke yake kwenye trei juu ya waya, nyuzi 230, ukae hapo hapo ukiitazama.

Sosi ina ladha ya chuma

Angalia ndani ya sufuria. Kama kuta zilizokuwa na kutu nyeusi ya siku nyingi sasa zinang'aa kama zimesuguliwa na mchanga, umepata jibu: tindikali ya mvinyo, pasheni au ukwaju imekula alumini. Masufuria yetu mengi ni ya alumini, ya dukani na ya mafundi wa mtaani, na kwa wali au maharage hayana neno. Kuchemsha mvinyo na pasheni humo saa nzima ni jambo jingine. Sosi hiyo hairekebishiki, na kuongeza sukari kutakupa chuma tamu. Tumia sufuria ya stili au ya enameli. Huna? Punguza mvinyo kwenye kikaango cha stili peke yake, matunda utie mwishoni.

Sosi chungu

Anza kwa kukagua ulivyosaga. Mbegu za pasheni zikipitishwa kwenye blenda huvunjika na kuacha uchungu na vumbi jeusi. Chuja kwa kichujio, zungusha kwa kijiko tu. Machungwa nayo, haya yanayoshuka na meli kutoka Nansio yana maji mengi lakini ile nyama nyeupe chini ya ganda ni chungu kweli, na wanaokwangua ganda kwa nguvu huichukua nayo. Kisha kitunguu saumu kilichoungua. Kisha michirizi ya trei iliyokuwa nyeusi: ionje kwa ncha ya kijiko kabla ya kuimimina, maana ikiwa chungu sufuria yote itakuwa chungu.

Uchungu mdogo huvumilika ukiongeza siagi kipande na chumvi kidogo. Watu hukimbilia sukari. Chumvi huuziba uchungu vizuri zaidi. Uchungu mkubwa, mwaga, anza upya. Sosi ni ya dakika 25, nyama ni ya saa nne. Usiiuze nyama kwa ajili ya sosi.

Sosi tamu kama sharubati

Umenunua mvinyo mtamu. Maduka mengi ya mjini hupanga mvinyo mtamu mbele kwa sababu ndio unaonunuliwa, na zabibu za Dodoma hutoa aina zote mbili, kwa hiyo lebo isomwe. Mvinyo mtamu ukipunguzwa kwa moto, maji yanaondoka na sukari inabaki. Ongeza embe la Desemba juu yake na umepata jamu. Nusuru kwa ndimu, au kijiko cha ukwaju, au siki, kidogo kidogo huku unaonja, halafu chumvi.

Wanaoniuliza kama lazima uwe mvinyo wa bei kubwa: hapana. Lakini kama umefunguliwa tangu harusi ya Agosti na unanuka siki, hiyo ni siki, na itumike hivyo.

Sosi chachu mno

Punguza matunda, si kuongeza sukari. Karoti moja nzima ichemke humo dakika kumi kisha itolewe, au siagi.

Sosi nyepesi, haishiki

Hujaichemsha vya kutosha bila mfuniko. Hiyo tu, mara nyingi. Acha ipungue hadi nusu.

Ikishindikana, konifulawa, ule unga mweupe laini: kijiko kimoja cha chakula kwa robo lita ya sosi, koroga na maji ya baridi kwanza, mimina, ichemke dakika moja, zima. Ukiichemsha tena muda mrefu pamoja na tindikali ya matunda, itakonda upya na utadhani umerogwa. Na tafadhali soma kopo. Mwaka jana mtu wa Buzuruga alitumia unga wa kastadi kwa kuwa "ni ule ule". Sosi ikawa ya njano na inanukia vanila, juu ya nguruwe.

Ikikatika na mafuta yakaelea juu, hukuengua. Ikikatika ikawa na vipande kama mtindi, ulitia maziwa kwenye mvinyo. Maziwa hayavumilii tindikali. Tumia krimu nzito, nje ya moto, mwishoni.

Inanuka pombe mbichi

Mvinyo uliingia mwishoni au ulichemshwa na mfuniko. Mvinyo utangulie, peke yake na kitunguu, sufuria wazi, upungue nusu ndipo vingine vifuate.

Usimwahidi mtu kwamba pombe yote imekwisha. Baada ya dakika 30 za kuchemka, kiasi cha asilimia 35 huwa bado imo. Baada ya saa mbili na nusu, kama asilimia 5. Kwa mtoto, mjamzito, anayetumia dawa zisizopatana na pombe, au mtu aliyeacha kunywa kwa taabu, tengeneza sosi nyingine kwa maji ya choya (rozela) na tone la siki; rangi ni ile ile na ladha inakaribiana. Na huku kwetu Wasabato ni wengi, Waislamu nao ni jirani zetu: wao hawali nyama yenyewe, kwa hiyo kuku wao apikwe kwa kisu kingine, sufuria nyingine, na waambiwe kilichomo mezani kabla hawajauliza.

Moto umekuwa wa kweli

Mafuta yakishika moto kwenye trei au kikaango: zima jiko, funika kwa mfuniko au trei nyingine, ondoka. Usimwage maji, maana maji hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha mafuta yanayowaka hadi usoni. Usiibebe sufuria kukimbia nayo nje. Usipoweza kufunika, toa watu, funga mlango, piga 114 ya Zimamoto.

Mvinyo usimiminwe kutoka kwenye chupa juu ya moto wa gesi. Pima kwenye kikombe, toa sufuria motoni, mimina, rudisha.

Ukisikia harufu ya gesi oveni ikiwa imezimika, usiguse swichi yoyote, hata ya taa. Funga mtungi, fungua madirisha, toka. Jaribio la povu la sabuni kwenye mpira linafaa kutafuta pa kuvujia. Kurekebisha ni kazi ya fundi. Oveni ya umeme inayoangusha swichi kuu kila ikifika joto fulani usiitie waya mnene ukaendelea. Fundi umeme. Na jiko la mkaa halihamii ndani kwa sababu mvua imeanza: gesi ya sumu ya mkaa, kaboni monoksidi, haina harufu, kichwa kikianza kuuma na watu kusinzia, toka nje wote na mwende hospitali.

Kesho yake tumbo

Kuharisha kidogo baada ya sikukuu kunaweza kuwa mafuta tu. Kunywa maji ya ORS, ile dawa ya chumvi na sukari. Ila damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikokoma, au mtoto mdogo aliyelegea: hospitali, siku hiyo hiyo.

Tegu haji kesho yake. Huchukua wiki kadhaa, na dalili yake mara nyingi ni vipande vyeupe bapa chooni. Hutibika kwa dawa, lakini asikae nayo mtu, hasa anayepika. Viini vinavyokwenda kwenye ubongo na kuleta kifafa havitoki kwenye nyama uliyokula. Hutokana na mayai ya tegu yanayotoka kwa mtu mwenye mnyoo huo, yakapita kwenye mikono isiyonawiwa baada ya choo na kuingia kwenye kachumbari ya nyumba nzima. Kwa hiyo mtu mzima akianza degedege ghafla bila historia, mpeleke, na umwambie daktari kwamba nyumbani mnakula nguruwe, mmenunua wapi, na nani hupika.